Barua Zisizo na Mpokeaji: Kuyasoma Upya Maandishi ya Wanafunzi wa Kiungani (1887)

Mwanafunzi awaandikiapo wazazi wake barua, hana haja ya kuwaeleza kijiji chao. Huwasalimu, akawajulia hali, kisha akatoa habari za shule. Maandishi ya wavulana wa Kiungani, Unguja, yaliyotafsiriwa na kuhaririwa na A. C. Madan na kuchapishwa London mwaka 1887, yanakwenda kinyume. Waandishi wake, wengi wao waliokombolewa utumwani na kusomeshwa na misheni ya UMCA, wanasimulia nchi walikozaliwa, walivyotekwa na walivyopita mikononi mwa mabwana hata wakafika pwani.

Maandishi hayo hutumiwa zaidi kama ushahidi wa historia ya utumwa. Makala haya yanadai kuwa umbo lake nalo ni ushahidi. Mvulana anaeleza kwao kwa kirefu kwa kuwa msomaji wake, mwalimu, hajafika huko. Wale wasiohitaji maelezo hayo hawafikiki tena kwa barua. Simulizi imekaa mahali pa barua.

Hata hivyo, kitabu kinatupa Kiingereza cha Madan, mtunga kamusi hodari, si Kiswahili cha wavulana. Hakituonyeshi kama mwandishi alisema "kwetu" au "kule". Tofauti hiyo si ndogo: "kwetu" humweka msemaji bado miongoni mwa jamaa zake, "kule" humtenga nao. Kuyaita maandishi haya tawasifu za Kiswahili bila kulikabili swali hilo ni kumvika mfasiri joho la mwandishi.