Wastani Unaoweza Kutetewa
Fundi wa ripoti hujulikana kwenye mistari ya chini. Kuorodhesha lita za maziwa zilizopokelewa vituoni ataweza yeyote aliyeanza kujifunza SQL. Kuweka jumla ndogo ya kila kituo, jumla kuu, na wastani unaoweza kutetewa mbele ya wafugaji wenyewe, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Tuchukue vituo viwili vya chama kimoja cha wafugaji, asubuhi moja. Kimoja kina wafugaji 2, kila mmoja kaleta lita 20. Kingine kina wafugaji 8, kila mmoja lita 5. Mwenye haraka hujumlisha 20 na 5, akagawa kwa 2, akaandika 12.5 kuwa wastani wa chama kizima. Lakini maziwa yote ni lita 80 na wafugaji ni 10, basi wastani ni 8. Ile 12.5 imewapa watu wawili uzito sawa na wanane. Ndiyo maana fundi hapandishi wastani kutoka ngazi hadi ngazi. Hupandisha jumla na idadi, kisha hugawa upya kila afikapo.

Agizo la ROLLUP, lililoingia katika kiwango cha SQL mwaka 1999, hufuata adabu hiyohiyo: kwa swali moja hutoa mistari ya vituo, ya wilaya na ya jumla kuu, na kila wastani hukokotolewa kutoka kwenye rekodi zenyewe. Naupenda sana unyofu wake.

Ugumu wenyewe uko kwenye nafasi tupu. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amekauka huandikiwa 0. Ambaye karani hakumwandikia chochote ana NULL. AVG, amri ya SQL ya kukokotoa wastani, huhesabu sifuri, lakini NULL huiruka. Siku nne zenye 6, 6, 0 na tupu hutoa wastani wa 4. Ukijaza ile tupu kwa 0, unapata 3. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti, na kompyuta haijui lipi limeulizwa. Sharti mtu ainuke akamuulize karani.

Tena ROLLUP huweka NULL mahali pa jina kwenye mstari wa jumla, kwa hiyo kituo kisicho na jina hufanana na jumla ya wilaya. Kitendakazi cha GROUPING huvitenganisha: hutoa 1 kwa mstari wa jumla, 0 kwa wa kawaida. Fundi makini huiandika hata kama leo vituo vyote vina majina, maana rekodi za mwezi ujao bado hazijaingizwa.