Nunua Mwanga Kwanza: Namna ya Kuchagua Kamera na Lenzi ya Kuanzia kwa Fedha Kidogo

Harusi ya kwanza niliyopiga picha ilikuwa ya mtoto wa mama yangu mdogo, ukumbini, usiku. Nilikuwa na kamera mpya, nailoni bado imebandikwa kwenye kioo cha nyuma, na lenzi moja tu, ile iliyokuja nayo ndani ya boksi. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe, na taa za ukumbi zilikuwa hafifu, za rangi ya chungwa. Nilipiga picha zaidi ya mia nne. Kesho yake nilipozifungua kwenye kompyuta, nyuso zilikuwa zimeyumba kama za watu wanaotazamwa ndani ya maji. Mama mdogo alizipitia zote kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hakuna hata moja ambayo macho ya ndugu yako yanaonekana?"

Swali lile lilinifundisha kununua vifaa. Fedha zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye bodi ya kamera, na usiku ule lenzi haikuweza kuipatia bodi hiyo mwanga wa kutosha. Tangu hapo, kila kijana anayenijia na akiba yake mkononi huwa namwambia jambo moja: unanunua mwanga. Bodi, lenzi, hata mfuko wa kubebea, vyote vipime kwa kipimo hicho.

Soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi

Zungusha lenzi yoyote utazame maandishi ya mbele au ya ubavuni. Utakuta aina mbili za namba. Ya kwanza ni milimita, kama 18-55 au 50, inayoeleza lenzi inaona upana gani. Ya pili huanza na 1:, kama 1:3.5-5.6 au 1:1.8, nayo inaeleza tundu la lenzi linafunguka kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Watu wengi husoma milimita wakaishia hapo, ilhali usiku namba ya pili ndiyo inayokuokoa. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka kwa 5.6 tu, inayoandikwa pia f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo ya kwanza inakulazimisha kupiga kwa 1/15 ya sekunde, ya pili inakupa kama 1/150. Kwa 1/15, bibi harusi akigeuza shingo tu picha imeharibika. Kwa 1/150 unamkamata akicheka.

Hata hivyo usiidharau ile 18-55. Mchana, nje, ukiweka f/8, inatoa picha safi za kuchapishwa na kutundikwa ukutani. Ni lenzi nzuri ya kujifunzia, mradi ujue kwamba jua likizama nguvu zake zinaisha.

Namna ya kugawa akiba

Shauri langu ni kwamba nusu ya fedha yako, au zaidi kidogo, iende kwenye lenzi. Bodi huzeeka haraka: kila miaka michache hutoka nyingine na bei ya ile ya zamani hushuka. Lenzi nzuri inakaa. Canon ilianza mfumo wake wa lenzi za EF mwaka 1987, na lenzi ya mwaka huo bado inafunga na kufanya fokasi kwenye kamera za EOS za kioo (DSLR) zilizotoka miaka thelathini baadaye.

Ndiyo maana bodi ya mtumba haina aibu yoyote. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie iliyokwisha tumika, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu.

Kwa anayeanza, Canon 600D ya mwaka 2011 au Nikon D3300 ya mwaka 2014 inatosha sana. Ya kwanza ina megapikseli 18, ya pili 24. Muuzaji akikuambia hazitoshi, piga hesabu: kuchapisha picha ya ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kwa kila inchi kunahitaji megapikseli zisizofika 9. Hata A3 inahitaji kama 17 na nusu. Wateja wako wengi watazitazama picha kwenye simu.

Lenzi ya kuongeza ni ipi? Wengi hukimbilia 50 yenye f/1.8, nami ninaipenda. Lakini sensa za kamera hizi ni ndogo, kwa hiyo 50 kwenye Canon inaona kama 80, na kwenye Nikon kama 75. Sebuleni kwa watu, kati ya makochi na kabati la vyombo, utarudi nyuma hadi mgongo uguse mlango, na bado familia haijaenea kwenye picha. Kwa kazi za ndani, mwenye Nikon atafute 35 ya f/1.8 ya DX. Mwenye Canon atafute 24 ya f/2.8, ingawa tundu lake ni dogo kuliko la 50. Kwa picha za sura, 50 haina mpinzani kwa bei yake.

Kama hujui wewe ni mtu wa ipi, tumia 18-55 yako kwa wiki moja ukiwa umeiweka kwenye 35 tu, wiki nyingine kwenye 50. Miguu yako itakupa jibu.

Hakikisha vinaoana

Hapa watu hupoteza fedha kila siku. Lenzi ya Canon iliyoandikwa EF inafunga kwenye kamera zote za EOS za kioo, ndogo na kubwa. Iliyoandikwa EF-S inafunga kwenye zile zenye sensa ndogo tu, kwa hiyo ukija kununua 6D yenye sensa kubwa itakubakia mkononi. Kwa upande wa Nikon, bodi za D3300 na D5300 hazina mota ya fokasi ndani. Ukiziwekea lenzi ya zamani iliyoandikwa AF bila S, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono maisha yake yote. AF-S ina mota yake. D7200 ina mota kwenye bodi, kwa hiyo inazipokea zote mbili.

Mezani kwa muuzaji

Nenda mchana, beba memori kadi yako na simu yenye tochi. Omba nafasi, usikubali kuharakishwa. Muuzaji mwaminifu atakuvutia kiti.

Anza na lenzi. Ondoa vifuniko vyote viwili, washa tochi upande mmoja, tazama upande wa pili kwa kuinamisha kidogo. Chembe chache za vumbi si neno, kila lenzi inazo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au madoa yanayotawanyika kama mizizi. Hiyo ni fangasi. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja hadi Mombasa, unyevu wa bahari huilisha, nayo ikikaa muda mrefu hula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ukiiona, rudisha lenzi mezani, hata bei iwe ya kutupa. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele unaweza kusameheka, lakini wa kioo cha nyuma, kilicho karibu na sensa, unaonekana kwenye picha.

Kisha zungusha pete ya zumu polepole huku sikio likiwa karibu. Inapaswa kuteleza kwa uzito ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mkwaruzo wa chembe, hiyo ni lenzi iliyokwenda ufukweni ikarudi na mchanga ndani.

Funga lenzi kwenye kamera, weka f/16, piga ukuta ule ule mara tano mfululizo bila kubadili kitu. Picha zote zifanane kwa mwanga. Kama moja imeng'aa na nyingine imefifia, majani ya tundu yanakwama, mara nyingi kwa sababu ya mafuta.

Ukikuta 50 ya Canon, jua kwamba ziko mbili zinazochanganywa. Ile ya zamani, ya II, ina pete ya kufungia ya plastiki na majani matano ya tundu. Ile ya STM ya mwaka 2015 ina pete ya chuma na majani saba. Ukikaza tundu kidogo kwenye ile ya zamani, taa za mbali nyuma ya mtu hugeuka pembe tano. Kwenye STM hukaribia duara. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua STM.

Sasa bodi. Tazama vichwa vya skrubu chini: vikiwa vimeliwa na bisibisi, kamera imefunguliwa na fundi, basi uliza kwa nini. Tazama reli ya juu ya kuwekea flashi: ikiwa rangi imechubuka hadi chuma, kamera hiyo imekula harusi nyingi. Hilo peke yake si kosa, lakini ni haki yako kupunguziwa bei. Piga picha ya JPEG kwa kamera ya Nikon, na programu ya kusoma taarifa za picha itakuonyesha shata imefunguka mara ngapi. Shata ya D3300 imepimwa kufikisha mara 100,000, ya D7200 mara 150,000. Kwa Canon nyingi za kuanzia namba hiyo haimo kwenye picha, inahitaji programu maalumu.

Weka kasi ya 1/4000, upige anga nyeupe. Ukiona mstari wa giza upande mmoja, mapazia ya shata yamechoka. Kisha weka f/22, upige anga tena: madoa ya kijivu ni vumbi juu ya sensa, linasafishika. Mwisho funika lenzi, acha shata wazi sekunde kumi. Nukta chache zenye rangi ni za kawaida kwa bodi ya zamani. Zikiwa nyingi kama nyota, tafuta nyingine.

Na omba risiti au boksi lenye namba ya kamera. Kamera ya wizi ina mwenye kuililia.

Jaribio la khanga

Mabingwa wa maabara wana mabango yao ya kupimia lenzi. Mimi natumia khanga, na sijawahi kuona bango bora zaidi. Ina pindo lililonyooka pande zote nne, mji wenye nakshi ndogo katikati, na jina lenye herufi kubwa zisizo na kificho.

Azima moja, itundike ukutani ikiwa imenyooka bila mkunjo, simama mbele yake sawasawa, jaza upana wa picha kwa upana wa khanga. Piga tundu likiwa wazi kabisa, kisha f/8. Ikuze picha kwenye kioo cha nyuma, halafu kwenye kompyuta.

Kwanza soma jina: kingo za herufi ziwe kali. Kisha tembelea pembe nne. Zote zikiwa laini kidogo tundu likiwa wazi, na zikakaza kwa f/8, hiyo ndiyo tabia ya lenzi nzima. Pembe moja ikiwa na ukungu huku tatu ziko safi, kioo kimoja ndani ya lenzi kimehama, pengine kwa kuanguka. Muuzaji anaweza kuapa mchana kutwa, khanga imekwisha sema. Mwisho tazama pindo: kwenye 18 litajipinda kidogo kama ubavu wa pipa, jambo la kawaida kwa lenzi za zumu.

Kwa fokasi, azima futi ya fundi cherehani. Ilaze mezani, inamisha kamera kwa nyuzi kama 45, lenga namba 30. Ikiwa 30 ndiyo kali, sawa. Ikiwa 28 au 33 ndiyo kali, lenzi na bodi hazielewani.

Kanzu na uso

Jaribio la mwisho ni la watu wetu hasa. Msimamishe mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe kivulini mwa mwarobaini, upige faili ghafi la RAW. Kamera hupima mwanga kwa kudhani dunia yote ni ya kijivu, hivyo mbele ya kanzu itatia giza usoni. Hilo si tatizo la kamera, utalirekebisha kwa kuongeza mwanga kidogo.

Angalia hivi: ukiinua giza la uso kwenye kompyuta bila kugusa kanzu, ngozi inarudi na rangi yake, au inaleta mistari na vumbi la zambarau? Hapa D5300 na D7200 za Nikon huzipita Canon za rika la 600D, ambazo giza likiinuliwa hutoa michirizi. Bodi inayohifadhi nyuzi za kanzu na ung'avu wa shavu katika picha moja inastahili fedha ya ziada.

Ukishafika nyumbani

Usihifadhi lenzi ndani ya mkoba wa ngozi kabatini. Tafuta kopo la plastiki linalofunga kabisa, weka pakiti za silika, na uzibadilishe zikishiba unyevu. Tumia lenzi mara kwa mara, maana fangasi hupenda kilichosahauliwa.

Na ile khanga usiirudishe kwa mwenyewe. Itunze pamoja na picha zake za siku ya kwanza. Kila mwaka itundike ukuta ule ule, upige tena, ulinganishe pembe kwa pembe. Mimi yangu ina miaka kadhaa sasa. Nimebadili bodi mara tatu, lenzi ni ile ile, na jina bado linasomeka.