Kosa na Maendeleo: Juu ya Kupima Uandishi wa Watoto Wadogo katika Uwanda wa Uasin Gishu

Uwezo wa mtoto wa Kenya katika kusoma umepimwa mara nyingi. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa Uwezo uliwafikia watoto majumbani mwao, ukiwapa herufi, maneno, aya na hadithi wazisome, na hesabu wazifanye. Programu ya Tusome, iliyoenezwa nchini kote mwaka 2015, nayo iliweka maneno 45 kwa dakika kuwa alama ya msomaji mzuri wa Kiswahili. Kuandika hakukupata bahati hiyo, na sababu yake haifichiki. Kusoma kwa sauti huhesabika kwa saa. Karatasi ya mtoto wa miaka saba haihesabiki vivyo hivyo, bali yahitaji kusomwa, na msomaji wake hana budi kujua anachokitafuta.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya awali mwaka 2019, ulijaribu kuliziba pengo hili kwa jedwali la ngazi nne: mtoto huzidisha matarajio, huyafikia, huyakaribia, au huwa mbali nayo. Jedwali hili lina sifa yake. Limemwondolea mtoto mdogo aibu ya kupangwa wa kwanza au wa arubaini, na mzazi hulielewa bila ya kufafanuliwa. Hata hivyo lina dosari ambayo marekebisho madogo hayataiondoa. Ngazi zote nne zapima masafa yaliyobaki hadi mwisho wa safari. Hakuna hata moja isemayo mtoto ametoka wapi na anapita njia gani. Mwalimu, akiwa hana jingine la kulishika, hurejea kwenye vipimo viwili alivyovizoea tangu zamani: unadhifu wa hati na idadi ya makosa katika imla.

Udhaifu wa vipimo hivyo waonekana wazi mahali kama Plateau, karibu na Eldoret. Nchi hii ilikuwa ya mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru mashamba yakagawanywa, na leo darasani huketi pamoja watoto wa Kikalenjin, wa Kikuyu na wa Kiluhya, kila mmoja akiwa na mfumo wake wa sauti alioupata kabla ya kushika penseli. Ichukuliwe sentensi moja ya imla, fupi na ya kawaida: «Baba amefika na gari jipya.» Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikalenjin aweza kuiandika hivi: «Papa amepika na kari chipia.»

Kwa kalamu nyekundu matokeo ni ya kusikitisha. Katika maneno matano, moja tu, yaani «na», ndilo sahihi. Na tena sentensi imepata maana ya kuchekesha. Mtoto yuko mbali na matarajio. Lakini sentensi hiyohiyo ikisomwa kwa jicho la isimu, habari ni nyingine kabisa. Mtoto ameigawa sentensi katika maneno yake bila ya kukosea. Hakuna irabu hata moja iliyopotea wala iliyobadilishwa. Kati ya konsonanti 11 za sentensi asilia, tano zimeandikwa kama zilivyo. Nne nyingine (b mara mbili, g na j) zimekosewa kwa jambo moja tu, nalo ni ughuna: p imeshika mahali pa b, k mahali pa g, ch mahali pa j. Mahali pa kutamkia hapakuguswa. Zabaki f, iliyofanywa p, na y, iliyogeuzwa irabu ili kuikwepa konsonanti mbili zilizoandamana.

Isimu ya Kikalenjin, ambayo Taaitta Toweett aliichapishia kitabu mwaka 1979, yaeleza mengi ya haya. Lugha hiyo haitenganishi maneno kwa ughuna wa vipasuo. P na b humo si fonimu mbili. Vikwamizo f, v na z havimo. Kwa hiyo mtoto hakuandika ovyo, wala hakusahau alichofundishwa. Ameandika kwa uaminifu kile ambacho sikio lake, lililofunzwa na mama yake, limemletea. Palipokosekana pana jina moja, na mwalimu ajuaye jina hilo aweza kulishughulikia kwa majuma machache ya kusikiliza jozi kama «bata» na «pata», au «fika» na «pika». Asiyejua atamwamuru mtoto aandike upya maneno manne, mara tano kila moja. Mtoto atayaandika, na kesho atakosea maneno mengine manne kwa sababu ileile.

Pembeni mwake aketi mtoto wa Kikuyu. Huyu, kwa kuwa lugha yake ya kwanza haina b wala g ya kupasua isiyotanguliwa na nazali, aweza kuandika «Mbamba» na «ngari». Alama yake yaweza kuwa sawa na ya mwenziwe, ilhali tatizo ni kinyume chake: huyu ughuna anausikia vema, ila auandamanisha na nazali isiyotakiwa. Zoezi la kumfaa wa kwanza halimfai wa pili. Jedwali la ngazi nne huwaweka watoto hawa wawili katika kisanduku kimoja, na mwalimu wa mwaka ujao, aupokeapo waraka huo, hupokea neno «mbali» na si zaidi.

Na huenda yuko wa tatu, aliyeandika «Baba amefika na gari jipya» kwa hati ya kupendeza, akiinakili kutoka ubaoni. Akiambiwa aandike neno lake mwenyewe, hana. Huyu ndiye mara nyingi husifiwa kuwa amefikia matarajio. Kunakili kuna thamani yake kwa vidole, lakini kukihesabiwa kuwa ni kuandika, tathmini yote hupinduka.

Wataalamu wa ng'ambo wameyaona mambo haya kwao. Charles Read alionyesha mwaka 1971 kwamba watoto wa Kimarekani ambao hawajaanza shule huziandika sauti kwa utaratibu wao wenyewe. Na Emilia Ferreiro pamoja na Ana Teberosky, wakichunguza watoto wasemao Kihispania, walieleza mwaka 1979 jinsi mtoto hupitia kipindi cha kuiwekea kila silabi herufi moja. Yafaa hapa kuchagua kwa uangalifu. Ngazi zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza huishia katika kuushinda ukaidi wa tahajia ya lugha hiyo, ukaidi ambao Kiswahili hakina. Kihispania kiko karibu zaidi nasi, kwa irabu zake tano na silabi zake zilizo wazi. Mtoto wa Kiswahili aandikaye «aa» kwa «baba», kisha «baba», amepiga hatua kubwa kuliko ile ya kutoka maneno matatu sahihi hadi manne.

Kiswahili kina ngazi yake pia ambayo vitabu hivyo havingeweza kuiona, nayo ni mgawanyo wa maneno. Mtoto aandikaye «a me fika» huonekana amerudi nyuma. Kumbe ametenga kiambishi cha nafsi, cha wakati na mzizi wa kitenzi, kazi ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu hupewa mtihani kwa ajili yake! Kosa hilo ni la mapatano ya tahajia, si la ujinga wa lugha. Hali kadhalika aandikaye «gari mpya» ameandika Kiswahili akisikiacho sokoni Eldoret kila siku. Upatanisho wa ngeli ni somo la sarufi, na halifai kutozwa faini katika hesabu ya kuandika.

Hata jina la mahali lina ushahidi wake. Mtoto aliyefunzwa kwamba kila herufi ina sauti yake, akiambiwa aandike jina la kwao, ataandika «Plato», au, akiongeza irabu kama ulimi wake utakavyo, «Pilato», na kuwafanya wakazi wote kuwa wa liwali yule wa Injili. Yeye ndiye aliyeelewa tahajia ya Kiswahili. Aliyeandika «Plateau» amekariri kibao.

Itasemwa kwamba haya yote yamtaka mwalimu wa msingi awe mwanaisimu, naye ana watoto wengi na saa chache. Hoja hii ni nzito. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, lakini mahali palipochanganyika kama hapa pendekezo hilo halimpunguzii mwalimu mzigo. Hata hivyo yanayohitajika si mengi. Katika kila lugha ya eneo tofauti za sauti zinazosumbua katika Kiswahili hazizidi chache, na zaweza kuandikwa upande mmoja wa karatasi na vyuo vya ualimu kwa ushirikiano na idara za lugha, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 papa hapa Uasin Gishu. Imla iwe sentensi ileile mwanzoni na mwishoni mwa kila muhula, na karatasi zote zihifadhiwe pamoja, tarehe zikiwa juu yake. Kando ya imla mtoto aandike sentensi moja yake mwenyewe, isiyonakiliwa popote, hata ikiwa ni neno moja.

Karatasi sita za namna hiyo kwa mwaka mmoja zingemwonyesha mwalimu kama «papa» imekuwa «baba», na kama imekuwa hivyo katika neno hilo tu au hata katika «kari». Katika jedwali la sasa hakuna safu ya kuliandika hilo.