Land Rover 109 Uani

Land Rover ya kwanza ilizaliwa katika uhaba, na uhaba huo ndio uliotuachia gari ambalo mtu anaweza kulitengeneza nyumbani kwake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma nchini Uingereza kilikuwa cha mgao, ila alumini ilipatikana. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, akalivika gari lake bodi ya aloi ya alumini yenye mikunjo myepesi. Mashine za kugandamiza chesisi zilikuwa ghali mno, basi chesisi ikaungwa kwa vipande bapa vya chuma, vikachomelewa hadi vikawa boksi refu lililofungwa pande zote nne. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Karibu kila kitu kilichosalia kilifungwa kwa bolti: madigadi, milango, sakafu, hata kifuniko kilicho juu ya giaboksi. Ukiwa na spana, subira na mtu wa kukushikia upande wa pili, utalivua gari zima chini ya mwembe.

Lililoko uani kwangu Tanga ni la Series III, zile zilizoundwa kati ya 1971 na 1985. Ni la 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2.77. Magari ya aina hii yamebeba serikali, misheni na hifadhi za wanyama katika nchi hii, kisha yakauzwa, yakauzwa tena, mpaka yakafika kwa watu kama mimi. Nalipenda bila kificho, na kazi ya kulitengeneza naipenda zaidi.

Kazi hiyo haianzi na injini, ingawa watu wote hukimbilia kufungua boneti. Inaanza chini, na nyundo ndogo. Chesisi ya boksi huoza kutoka ndani. Tope huingia kwa matundu yaliyowekwa ili maji yatoke, likakaa humo, na kwetu pwani tope hilo lina chumvi. Kwa nje unaona rangi nyeusi inayong'aa, nawe unaridhika. Basi lala chini, gonga kuanzia mbele, kiganja hadi kiganja, usiruke. Chuma kizima hujibu kwa sauti kavu yenye mwangwi. Penye kutu sauti hufa, nyundo hutua kama imepiga gome, na ukigonga mara ya pili hudondoka magamba mekundu. Hapo ndipo pa kukata. Fundi mwema hukata mpaka afike penye chuma cheupe, hata kama shimo linakuwa kubwa kuliko alivyotaka, maana kiraka kilichochomelewa juu ya kutu kitabanduka pamoja na kutu hiyo. Alumini nayo ina ugonjwa wake. Inapogusana na chuma penye unyevu hugeuka unga mweupe, ndiyo maana kila ninapoirudisha bodi naweka utepe wa mpira kati ya hizo mbili.

Spana nazo zina adabu yake. Bolti nyingi za gari hili ni za inchi. Spana namba 13 huingia kwenye bolti ya nusu inchi, na ndiyo hasara yenyewe, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7. Ule mwanya mdogo hula pembe za bolti, na anayekuja baada yako atalazimika kutumia tindo. Seti moja ya spana za inchi ni heshima kwa gari, na kwa fundi ambaye hujamwona bado.

Sehemu ninayoiona kuwa tamu kuliko zote ni nyuma ya magurudumu ya mbele. Pale pana tufe la chuma lililopakwa kromu, na ndani yake hupita shafti inayozungusha gurudumu huku likikata kona. Kromu ikipata vidonda, sili huchanika na oili humwagika kwenye tairi. Wengi hujaza grisi wakaendelea na safari zao. Mimi nalivua. Tufe jipya likishakaa, kazi iliyobaki ni ya kupima. Kati ya pini ambayo gurudumu huzungukia linapokata kona na nyumba yake huwekwa shimu, vibati vyembamba kama karatasi, na idadi yake ndiyo inayoamua usukani utakuwa mzito kiasi gani. Zikizidi, pini inalegea na gari linatetemeka mbele likishika mwendo. Zikipungua, usukani unakataa kurudi wenyewe. Kitabu cha matengenezo kinaagiza sili isifungwe kwanza, na mkono wa usukani uachiwe huru, kisha uvutwe kwa mizani ya springi. Mizani yangu ni ile ya ndoano wanayopimia changu na tasi sokoni. Naitia kwenye tundu la mkono wa usukani, navuta taratibu, naangalia mshale unasimama wapi nyumba inapoanza kuzunguka. Natoa shimu moja, nafunga, navuta tena. Asubuhi nzima huishia hapo, na hakuna mpita njia atakayejua kwamba kuna lililofanyika.

Valvu zina uzuri wa aina nyingine, uzuri wa hesabu. Ziko 8, zikihesabiwa kutoka mbele. Valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha namba 1. Namba 6 ikiwa chini, unarekebisha namba 3. Jumla daima ni 9. Unapitisha fila geji ya milimita 0.25, unaisikia ikikwaruza kidogo, unakaza nati, unaipitisha tena kwa sababu nati ikikazwa huibadilisha nafasi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukutajia inayofuata, na wangu hunitajia.

Sasa nije kwenye kubadili, kwa maana vijana wanaokuja uani huulizia hilo tu. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari yakapita kwa msafara, na tangu hapo kila mwenye gari bovu anataka kuliinua na kulivika matairi makubwa. Sipingi kubadili. Ninachosema ni kwamba asiyeijua sehemu kwa kuitengeneza hajui anachokibadili. Ukirefusha vishikizo vya springi za mabamba, ekseli inajipinda, usukani unapoteza utulivu wake, propela shafti inafanya kazi kwa pembe kali na mipira ya breki inavutwa. Ukiacha matairi ya 7.50-16 liliyozaliwa nayo ukaweka makubwa, mzigo wa nyongeza unaangukia shafti za ndani ya ekseli. Kila badiliko linapeleka deni mahali pengine, na kazi yote ni kulifuata deni hilo mpaka lilipwe.

Mimi nimechagua injini ya 200Tdi, dizeli yenye tabo, badala ya ile dizeli ya lita 2.25. Anayeoa huoa na ukoo, lakini hapa ukoo ni mmoja: Tdi inatokana na injini hiyo hiyo ya zamani, mpangilio wa kufyatua ni 1-3-4-2 ule ule, na ile hesabu ya 9 bado inafanya kazi, ila nafasi ya valvu inakuwa milimita 0.20. Nguvu inapanda kutoka farasi 62 hadi 107. Ndipo deni linapoanza kudai. Rejeta inahitaji nafasi ya kukaa na kipoza hewa cha tabo. Giaboksi ya Series haikuundwa kwa nguvu hiyo, itadumu kwa dereva mwenye mguu mpole. Tena difu ni za uwiano wa 4.7, injini italia sana barabarani huku gari likienda pole. Difu ya 3.54 ya Range Rover inaingia ekseli ya mbele bila ugomvi, lakini nyuma 109 yangu ina ekseli ya aina ya Salisbury, isiyoipokea difu hiyo, na hiyo ni kazi nyingine kabisa inayotaka fundi wa vipimo. Nimeamua difu za 4.7 zibaki. Njia zangu ni za mashambani Muheza na milima ya Usambara, na huko mwendo wa pole wenye nguvu ndio ninaoutaka.

Kabla injini haijafungwa, nimegeukia breki, kwa kuwa nguvu inayoongezwa mbele lazima iweze kusimamishwa. Dramu za 109 ni za inchi 11. Nimezikerezesha zikawa sawa, nimeweka silinda mpya kwenye magurudumu yote na paipu mpya kuanzia masta silinda. Kutoa upepo tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi. Mwanangu anakaa kwenye pedali, mimi niko chini na spana na chupa yenye mpira.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia."

Nalegeza, mapovu yanatoka, nakaza. "Achia." Tunarudia hadi oili ipite bila povu hata moja, kisha tunahamia gurudumu linalofuata.