Makazi Sahihi ya Nyangumi: Tafsiri Inayopotosha

Katika tafsiri za taarifa za hifadhi ya bahari zinazopita mezani petu, liko fungu moja la maneno linalorudiwa mno: "mfano wa makazi sahihi ya nyangumi na pomboo". Kila neno lake ni Kiswahili safi, lakini yakiunganishwa hayamwelezi msomaji kazi inayofanywa na wataalamu.

Kazi yenyewe ni hii. Mtaalamu huchukua kumbukumbu za mahali wanyama walipoonekana, akatazama kina cha maji ya hapo, mteremko wa sakafu ya bahari, joto la maji ya juu na wingi wa mimea midogo ielekeayo humo. Kisha hukadiria kwa hesabu, kwa kila kipande cha bahari, kiasi ambacho hali zake zalingana na zile za mahali walipoonekana. Kadirio hilo aghalabu huandikwa kwa tarakimu kati ya 0 na 1, likachorwa katika ramani.

"Mfano" lina kasoro ndogo: msomaji hudhani ataonyeshwa mahali pamoja kati ya pengi. "Modeli" limekwisha kuzoeleka, nalo latosha. "Makazi" ni tatizo zaidi, kwani katika lugha ya serikali neno hili limekwisha kuchukuliwa na nyumba, viwanja na vijiji. Twapendekeza "makao". Nalo si kamili, maana hata ofisi zina makao makuu. Lakini likifuatwa na jina la mnyama halimpotezi mtu.

Lililo baya kupita yote ni "sahihi". Kinyume cha sahihi ni kosa. Je, iko bahari yenye makosa? Jambo ama ni sahihi ama si sahihi, hali kufaa kuna viwango, na viwango ndivyo vinavyopimwa hapa. Tena kufaa hubadilika na majira. Nyangumi mwenye nundu hutoka maji ya baridi ya kusini, akaonekana pwani ya Kenya na Tanzania kati ya Julai na Oktoba hivi, kisha akarudi. Pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, huonekana huko mwaka mzima. Lugha tayari inalo neno "ufaafu". Kwa nini tusilitumie?

Haya si mabishano ya maneno matupu. Tuseme afisa anayehusika na vibali vya uvuvi apewa ramani ya "makazi sahihi", yenye sehemu zilizoachwa nyeupe. Atafahamu kwamba huko hapana pomboo, na jarife litegwe bila wasiwasi. Kumbe nyavu hizo ni miongoni mwa hatari kubwa kwa pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi, ambaye mwaka 2017 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Na weupe ule pengine wamaanisha tu kwamba hakuna mashua ya utafiti iliyofika. Kizimkazi, ambako watalii wamekuwa wakipelekwa kutazama pomboo tangu miaka ya 1990, kumbukumbu hazikosekani. Lakini katika bahari wazi, kusi likivuma, nani atoke kwenda kuhesabu?

Hapa mfasiri hana udhuru, kwa sababu Kiswahili kinatenganisha waziwazi "hawapo", "hawakuonekana" na "hawajaonekana". Tafsiri tunayoisema hutumia "hawapo" kwa yote matatu. (Huwaita pia nyangumi "samaki hawa", ingawa ukurasa uo huo wataja unyonyeshaji.)

Tumeambiwa kwamba "modeli ya ufaafu wa makao ya nyangumi na pomboo" ni ndefu mno. Katika kichwa cha ramani yatosha kuandika "ufaafu wa makao", na pembeni ielezwe rangi ipi ni ya ufaafu mdogo, na ipi ni ya maji ambamo wanyama hao hawajatafutwa.