Urefu na Damu katika Sinema ya Majambazi

Katika vibanda vya video vya Mbeya na Iringa, ambamo mfasiri husimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, sinema ndefu za majambazi huwagawanya watazamaji. Mmoja husifu ustadi, wa pili huchoshwa na urefu, wa tatu huchukizwa na damu. Mfano mwafaka wa mabishano hayo ni Once Upon a Time in America ya Sergio Leone, iliyotolewa mwaka 1984, yenye dakika 229.

Anayechukizwa ana hoja nzito. Noodles, jambazi mkuu wa hadithi, humbaka mwanamke anayempenda. Kisha sinema humhurumia yeye kuliko aliyedhulumiwa. Uzuri wa picha haufuti doa hilo.

Hoja ya anayechoshwa ni dhaifu. Wasambazaji wa Marekani waliipunguza sinema hata dakika 139, wakayapanga matukio kwa mfuatano wa miaka. Kumbukumbu iliyokuwa ikienda na kurudi baina ya utoto na uzee ikavunjika. Noodles arudipo New York mwaka 1968, baada ya miaka 35, huja kupima hasara ya maisha yake. Pasipo muda wa kuipima, risasi hubaki kelele tupu.

Basi mfasiri wa kibandani ana dhamana kubwa. Akiuruka ukimya ili ayafikie mapigano, hutenda kama wasambazaji wale. Akiueleza, kijana anayemsikiliza ataondoka ameujua upweke wa mzee yule, pamoja na thamani ya bunduki yake.