Mchagua Herufi Ndiye Mwandishi

Mizani ya Vigwaza haina haraka na mtu. Lori likipanda juu yake, liwe linatoka bandarini Dar es Salaam au kiwandani Kwala, dereva hunyamaza kama mgonjwa anayesubiri majibu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inakomea tani 56, gari na mzigo pamoja, na hizo ni za magari makubwa kuliko yote. Ukizidisha, andaa maelezo. Basi ni hapo kando ya barabara ya Morogoro, kwenye benchi la mama lishe, nilipoiona kwa karibu kazi ninayotaka kuisifu.

Mwenye kazi hiyo alikuwa binti mmoja, karani wa kiwanda cha huko Kwala. Kutoka Vigwaza hadi Kwala ni kilomita kama 15 tu, na tangu bandari kavu ya huko izinduliwe Julai 2025, na viwanda kuota kando yake, Kichina si lugha ya kumshangaza mtu tena. Dereva alimfuata akiwa na karatasi mkononi, jasho linamtoka.

"Dada, mwambie bosi tumezidi tani mbili."

"Tulia kaka, namwandikia."

Akatoa simu. Nikachungulia, ingawa si adabu. Kibodi yake ilikuwa ya herufi zilezile za a, be, che tulizosoma sote shule ya msingi. Hapakuwa na herufi hata moja ya Kichina. Akaandika *liangdun*, sauti ya maneno aliyoyataka, na juu ya kibodi ukatokea mstari wa maandishi ya Kichina, kila moja likingoja kidole. Mawili ya mwanzo yalikuwa haya: 两顿 na 两吨. Kwa macho yangu yalikuwa pacha. Kwa macho yake la kwanza lilikuwa milo miwili, la pili tani mbili. Angegusa la kwanza, bosi angeambiwa kwamba lori limezidi wali sahani mbili. Dole gumba likatua kwenye la pili, ujumbe ukaenda, na yeye akarudi kwenye chai yake kama mtu ambaye hajafanya lolote.

Lakini alikuwa amefanya jambo kubwa. Tazama silabi hiyo moja, *dun*. Ukiiandika peke yake, simu inakuletea jamaa nzima: 吨 ni tani, 蹲 ni kuchuchumaa, 盾 ni ngao, 炖 ni kuchemsha nyama kwa moto mdogo hadi ilainike. Katika kusema, sauti hupanda na kushuka na hivyo kutenganisha baadhi yake. Katika kuandika haraka kwa simu, hakuna anayeweka alama za sauti. Kinachobaki ni jicho. Aliyefundishwa anajua kwamba katika herufi ya kuchemsha, ule upande wa kushoto ni moto, 火, na katika ile ya kuchuchumaa upande huo ni mguu. Hasomi herufi nzima kila mara. Anatupa jicho, anaona moto, anajua hapa ni jikoni, anapita.

Sisi nasi tuna jamaa kama hizo, ila hatuulizwi. Andika *kaa* kwa Kiswahili: ni kaa wa pwani, au kaa la moto, au mgeni anaambiwa aketi? Andika *paa*: ni mnyama wa porini, ni la nyumba, ni ndege anaruka, au mtu anamtoa samaki magamba? Simu yetu inaandika tu na kumwachia msomaji shida yake. Simu ya Mchina haikubali. Kila baada ya neno au mawili inasimama na kumuuliza mwandishi: ulikuwa na maana gani? Mwandishi mzuri hujibu kabla swali halijaisha.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimkusudia mvivu anayepoteza asubuhi yote akipima mipini. Kwenye kazi hii methali inageuka kichwa chini: asiyechagua si mwandishi.

Ufundi huu haukuanza na simu. Kwa miaka mingi watu waliitazama mashine ya chapa, yenye funguo chache, wakaitazama lugha yenye maelfu ya herufi, wakasema kimoja lazima kife. Mwaka 1947 mwandishi Lin Yutang aliionyesha dunia mashine aliyoipa jina la MingKwai. Ilikuwa na funguo 72 tu. Ukibonyeza mbili, kwenye kidirisha kidogo zilijitokeza herufi zisizozidi nane. Ukichagua moja kwa namba, ndiyo inapigwa kwenye karatasi. Mashine ilimlia fedha nyingi na haikuuzwa, na mfano wake pekee ukapotea hadi ulipoonekana mwaka 2025 katika chumba cha chini cha nyumba moja New York. Sasa uko Chuo Kikuu cha Stanford. Mashine ilikufa, wazo likabaki: mashine ipendekeze, mtu achague. Kile kidirisha cha Lin ndicho kilichokuwa mkononi mwa yule karani wa Kwala.

Yuko pia mhandisi Zhi Bingyi, aliyefungwa mwaka 1968 wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Karatasi hakuwa nayo. Alichukua kifuniko cha kikombe chake cha chai, akawa anaandika juu yake namna ya kuipa kila herufi ya Kichina msimbo wa herufi chache za kilatini. Kikijaa, anafuta na kuanza upya. Mwaka 1978 kazi yake ilitangazwa gazetini huko Shanghai. Na ule uandishi wa sauti aliotumia karani wetu, uitwao pinyin, ulipitishwa China mwaka 1958. Zhou Youguang, aliyeongoza kuutunga, aliishi hadi 2017 akiwa na miaka 111. Aliwahi kuiona kazi yake ikihama kutoka ubao wa darasa la kwanza hadi mifukoni mwa watu.

Nikiwa bado pale benchini, nikawafikiria wazee wetu wa Bagamoyo. Kabla ya shule za Kijerumani, mtu wa pwani hiyo ya Mrima aliyejua kuandika alikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Liwali na majumbe waliandikiana barua hivyo, na Wajerumani walipofika ikabidi wajifunze kuzisoma: mwaka 1892 Carl Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapisha kitabu kizima cha barua na maandiko hayo. Taabu waliyoipata wanafunzi wake naielewa. Kiarabu hakina *pa*, hakina *va*, hakina *cha*. Mwandishi wa zamani alitumia *ba* kwa sauti ya *ba*, na kwa *pa*, na mara nyingi hata kwa *mba*. Kwa hiyo *bata*, *pata* na *mbata* ziliweza kuandikwa kwa namna moja. Mfanyabiashara akipokea barua kwamba jahazi linakuja na mzigo wa *bata*, ni juu yake kujua kama atayarishe banda la ndege au nafasi ya nazi kavu. *Fa* nayo ilibeba *va*, kwa hiyo *fua nguo* na *vua nguo* zilifanana kabisa. Heri uwe unamjua vizuri aliyekuandikia.

Watu wengi huusimulia uandishi huo kama upungufu. Mimi nauona kama ufundi uleule wa yule karani, ila umewekwa upande wa pili. Mchina wa leo anabeba mzigo wa kuchagua wakati wa kuandika. Babu yetu aliubeba wakati wa kusoma. Wote wawili walilazimika kuijua lugha kuliko herufi zake. Asiyejua Kiswahili hakuweza kuisoma barua ya Bagamoyo hata kama Kiarabu amekihifadhi chote.

Baadaye walitokea mafundi wa kuipunguza shida hiyo. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefanya kazi miaka mingi London, aliweka mpangilio ambao kila sauti ya Kiswahili inapata alama yake. Na leo, nikifungua kibodi ya Kiarabu kwenye simu yangu na kuishikilia *ba* kidogo, *pa* yenye nukta tatu inachomoza pembeni, پ. Nikiishikilia *fa*, inachomoza *va*, ڤ. Nukta ambazo zingemwokoa mwenye jahazi zimelala chini ya dole gumba langu.

Ufundi huu una gharama yake, na Wachina wenyewe wana msemo wa maneno manne kwa gharama hiyo: ukishika kalamu, umesahau herufi. Mtu aliyezoea kuchagua kwenye simu akipewa karatasi hukwama katikati ya neno analolisoma kila siku. Jicho linalijua, mkono umelisahau. Vijana wetu wanaoandika *2po* na *xaxa* wasicheke. Kijana wa Beijing naye hufupisha: akigusa *m* na *s* tu, simu inaweza kumletea 没事, hakuna neno, au 马上, sasa hivi.

Hilo la mwisho ndilo alilojibu bosi. Simu ililia, karani akasoma, akacheka.

"Anasema yuko juu ya farasi."

Dereva akakunja uso. "Farasi gani tena, dada?"

"Ndivyo herufi zinavyosema, farasi na juu. Maana yake anakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya Kichina, au ya kwetu?"

Hakujibu. Akaagiza chapati nyingine, na hilo dereva alilielewa bila mkalimani. Bosi alifika baada ya saa moja na nusu, mzigo ukapunguzwa, lori likapanda mizani mara ya pili na kupita.

Msomaji, simu yako haikuulizi kitu ukiandika *kaa*. Basi jiulize mwenyewe kabla hujatuma. Huyo utakayemtumia hayupo hapo ulipo kuona kama umeshika kiti, mkaa au kaa wa pwani.